Vazi Jekundu na Vikorombwezo Vikali: Mwongozo Kamili kwa Aliyejaribu Akashindwa

Picha mnazonitumia zinafanana mno. Gauni jekundu zuri, limemkaa mwenyewe vilivyo. Juu yake kuna jaketi la ngozi lenye miiba ya chuma, mkufu wa kubana shingo, cheni nyingine tatu, mkanda wa minyororo, buti za kamba, miwani myeusi, kucha nyeusi na midomo myekundu. Swali nalo ni lile lile: kila kitu ni kizuri kikiwa peke yake, mbona nikivivaa pamoja naonekana kama naenda kuigiza?

Tatizo haliko kwenye gauni, na mara nyingi haliko hata kwenye hivyo vikorombwezo. Nyekundu haihitaji msaidizi wa kuonekana. Mtu akiingia ukumbini na nyekundu, macho yameshamfikia kabla hajafunga mlango. Kazi ya kikorombwezo kikali ni kuukatiza wekundu huo mahali pamoja, ili jicho lipate pa kushika. Ukiukatiza mahali saba, jicho halishiki popote.

Hatua hizi ziko kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe ninapomvisha mtu. Usiruke. Wengi huanzia kwenye cheni kwa sababu ndiko kutamu, kisha wanarudi kuniuliza mambo yaliyokuwa hatua ya kwanza.

## Vitu vya kuandaa

- Vazi moja jekundu: gauni, suti, au sketi na blauzi za kitambaa kimoja.
- Karatasi nyeupe na kitambaa cheupe cha pamba, hata kipande cha fulana kuukuu.
- Kioo cha kujiona kuanzia utosi hadi kidole cha mguu. Kioo cha bafuni hakitoshi.
- Nguo za ndani za rangi inayokaribia rangi ya ngozi yako.
- Kikorombwezo kikuu kimoja: mkanda, cheni nene, bangili pana, hereni kubwa au buti nzito.
- Vidogo viwili au vitatu vya metali ya rangi moja.
- Jozi mbili za viatu, moja nzito na moja nyepesi, ili uwe na pa kuchagua.
- Soksi ndefu ya nailoni iliyochakaa. Utaona kazi yake mbele.
- Sindano, uzi mwekundu, pini za kufungia na rangi ya kucha isiyo na rangi.
- Simu yenye kamera.

Tenga saa moja na nusu, na iwe siku moja kabla ya shughuli. Asubuhi ya siku yenyewe hutakuwa na utulivu wa kuvua kitu unachokipenda.

## Hatua ya 1: Ijue nyekundu yako ni ya upande gani

Nyekundu ni za namna mbili kubwa. Kuna iliyoegemea chungwa, mfano wa kaa la moto, na kuna iliyoegemea bluu, mfano wa rubi. Chini ya taa za dukani zote mbili hukuambia kitu kimoja, kwamba ni nyekundu, basi.

Peleka nguo karibu na dirisha mchana, kwenye kivuli na si kwenye jua kali. Ilaze juu ya karatasi nyeupe, uitazame kwa sekunde 10 hivi. Weupe ulio kando yake utaifichua: nyekundu ya moto itaanza kuonyesha uchungwa ndani yake, nyekundu ya baridi itaonyesha uzambarau au uwaridi.

Jibu hili ndilo litakaloamua metali, rangi ya midomo na hata ngozi ya viatu. Nyekundu ya moto hupatana na shaba, dhahabu iliyofifia, ngozi nyeusi na ngozi ya kahawia iliyokolea. Nyekundu ya baridi hupenda fedha, chuma cha pua na metali nyeusi. Mimi nikiwa na shaka hukimbilia fedha iliyochakaa kidogo, kwa sababu haigombani na upande wowote. Dhahabu inayong'aa sana juu ya nyekundu hunikimbiza: papo hapo vazi linakuwa la hafla rasmi, na ukali wote unayeyuka.

Onyo: usihangaike kutafuta kiatu au mkoba "wa nyekundu ile ile". Vitu viwili vilivyotiwa rangi kwa dawa tofauti vinaweza kulingana chini ya taa moja na kuachana kabisa chini ya nyingine. Dukani umeridhika, ukitoka nje kiatu kimekuwa chungwa. Ukitaka nyekundu ya pili, tofautisha kwa makusudi: gauni la kaa la moto, mkoba wa damu ya mzee. Mtu akiona tofauti kubwa anajua umechagua. Akiona tofauti ndogo anadhani umekosea.

Umefaulu ukiweza kusema neno moja, "moto" au "baridi", bila kurudi dirishani.

## Hatua ya 2: Hakikisha nyekundu haiachi rangi

Hatua hii nimeilipia. Nilivaa suruali nyekundu mpya na mkoba wa rangi ya krimu ukining'inia nyongani. Jioni mkoba ulikuwa na doa la waridi lenye umbo la paja langu, na halijatoka hadi leo.

Nyekundu zilizokolea mara nyingi hubeba rangi ya ziada juu ya nyuzi. Chukua kitambaa cheupe kikavu, sugua upande wa ndani wa pindo mara 10, kwenda na kurudi. Kisha loweka kona nyingine ya kitambaa, ikamue, usugue tena mara 10. Maabara za nguo nazo hupima hivyo hivyo, kikavu kisha kibichi, ila wao wana mashine.

Kitambaa kikavu kikitoka na wekundu, ifue nguo peke yake kwa maji baridi hadi maji yatoke meupe. Kilicholowa pekee kikitoka na wekundu, unaweza kuivaa, lakini weka mbali chochote cheupe, na kumbuka kwapa lina jasho. Siki na chumvi unazoambiwa utie kwenye beseni haziikamati rangi iliyokwisha kutiwa kiwandani. Zitakupotezea siki na chumvi.

Kama lebo inasema nguo isifuliwe kwa maji, ishia kwenye kipimo cha kikavu, ukaipeleke kwa dobi anayesafisha nguo bila maji.

## Hatua ya 3: Nguo ikae kwanza

Kikorombwezo kikali hakifichi nguo isiyokaa. Kinaionyesha. Mkanda mpana juu ya gauni linalovuta kifuani hufanya kila mtu atazame kifua kinavyovuta.

Vaa vazi na nguo za ndani utakazovaa siku hiyo. Sidiria nyeupe chini ya nyekundu nyepesi huonekana kuliko unavyodhani, na nyeusi huacha kivuli. Rangi ya ngozi yako ndiyo inayopotea. Kisha angalia mambo matatu tu: mshono wa bega uishie penye mfupa wa bega, kifungo au zipu isitanuke ukivuta pumzi, na pindo liwe limenyooka pande zote.

Pasi ipite upande wa ndani. Satini na poliesta zikipigwa pasi moto upande wa nje hubaki na mng'ao wa mafuta kwenye mishono, na kwenye nyekundu mng'ao huo unaonekana tangu mlangoni.

## Hatua ya 4: Chagua kituo kimoja

Hapa ndipo watu wengi huanguka, kwa hiyo nitakaa.

Mwili una vituo vinne vya kubeba ukali: shingo na masikio, kiuno, mikono, miguu. Chagua kimoja. Hicho ndicho kitakachobeba kitu kikubwa, kizito, kilichochongoka au chenye kelele. Unaruhusiwa kukipa mwangwi mmoja mahali pengine, yaani kitu kidogo cha metali au ngozi ile ile. Mkanda mweusi wenye pete za chuma kiunoni, pete moja nene kidoleni. Vituo viwili vilivyobaki vinyamaze kabisa.

Kituo hakichaguliwi kwa kupenda tu. Mkato wa nguo ndio unaoamua.

Kola ya juu au shingo iliyofungwa. Achana na shingo. Cheni juu ya kola inaonekana kama imesahaulika pale. Nenda kiunoni, au weka hereni ya kushika ukingo wa sikio, nywele zikiwa zimebanwa.

Shingo ya V au ya mraba. Shingo yenyewe inakuita. Ngozi iliyo wazi ni kama ukuta mtupu. Cheni moja nene inatosha.

Bega moja wazi. Shingoni usitie kitu. Mstari wa mshazari wa nguo na duara la mkufu vitapigana. Weka hereni moja ndefu upande wa bega lililo wazi, na upande wa pili kipini kidogo tu.

Gauni refu hadi sakafuni. Buti zako nzuri hazitaonekana, isipokuwa lina mpasuo. Kama lina mpasuo, basi buti ndiyo kituo, na uzuri wake ni kwamba zinaonekana na kupotea kila unapopiga hatua. Hili ndilo pambo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu halikai mbele ya watu muda wote.

Gauni fupi. Miguu. Buti nzito yenye soli nene chini ya kitambaa chepesi.

Suti nyekundu, ya kike au ya kiume. Suti tayari ina mistari mingi: kola, mifuko, vifungo. Mikono ndiyo kituo salama zaidi, pete tatu nene na saa nyeusi. Au cheni nyembamba inayotoka kwenye tundu la kifungo cha kola na kuingia mfuko wa kifuani. Si vyote viwili.

Siku moja alinijia binti na gauni la satini, nyekundu ya baridi, mikono mirefu, shingo imefungwa. Alikuwa na vikorombwezo tisa. Tulivipanga vyote kitandani, gauni likiwa limelazwa katikati, kila kimoja mahali pake. Nikamwomba afumbe macho, akiyafumbua anyooshe kidole kwa kitu cha kwanza anachokiona. Mkanda. Mara ya pili, mkanda. Mara ya tatu, mkanda. Tukaanza kuondoa kingine kimoja kimoja, na kila tulipoondoa kitu mkanda ulizidi kuwa mkali, hadi tukabaki na mkanda, pete moja na buti tupu zisizo na urembo wowote. Ile cheni ya miiba aliyoinunua maalumu kwa ajili ya gauni lile ilirudi kwenye mfuko. Alinuna kidogo.

Fanya hivyo hivyo kitandani kwako kabla ya kuvaa. Kisha vaa, simama mita mbili kutoka kwenye kioo, fumba macho nusu hadi picha iwe na ukungu. Hesabu vitu vinavyojitokeza katika ukungu huo. Umefaulu ukiona kimoja waziwazi na cha pili kwa mbali. Ukiona vitatu, kuna cha kuvua.

## Hatua ya 5: Cheni, miiba na kila chenye ncha

Kama kituo chako ni shingo, jifunze urefu. Cheni ya sentimita 35 hadi 40 hukumbatia shingo. Ya 45 hulala kwenye mfupa wa mtulinga. Ya 50 hadi 55 hushuka chini yake, na kuanzia 60 hufika kifuani. Shingo nene huipandisha kila moja kidogo, kwa hiyo pima yako kwa uzi kabla ya kununua.

Ukitaka kupanga cheni mbili, ziachane angalau sentimita 5, na zitofautiane unene. Zikikaribiana zitasukana ndani ya nusu saa, na utatumia jioni nzima shingo imeinama unazitenganisha. Nene iwe ya chini, uzito wake uivute inyooke. Tatu zinawezekana. Kwenye nyekundu huwa sivuki mbili.

Cheni ilale kwenye ngozi, si juu ya kitambaa. Juu ya satini inateleza na kukwaruza. Juu ya kitambaa chepesi inavuta shingo ya nguo ishuke.

Sasa ile soksi ya nailoni. Ivalishe mkononi, upitishe kiganja taratibu juu ya kila kikorombwezo: ndani ya mkanda, nyuma ya bangili, kwenye kifungio cha cheni, chini ya zipu za jaketi. Kitakachoinasa soksi kitainasa nguo. Penye ukali usiotakiwa, kwangua kwa tupa ya kucha kisha pakaa tabaka la rangi ya kucha isiyo na rangi, liache likauke kabisa.

Ikitokea uzi umevutwa, usiukate. Ukiukata, tundu litakua. Ingiza sindano upande wa ndani wa kitambaa, uvute kitanzi kiingie ndani, kisha nyoosha kitambaa kwa vidole.

Miiba ya chuma nayo ina adabu yake. Ikae nje ya mwili: mgongoni mwa mkono, kwenye bega, kwenye kisigino cha buti. Miiba chini ya kwapa au ndani ya kifundo cha mkono itachana gauni lako, na ya mtu utakayemkumbatia.

Ngozi ikikuwasha au kutoa vipele palipogusa metali, mara nyingi mkosaji ni nikeli. Tafuta titani, au chuma cha pua chenye alama 316L, au fedha yenye chapa 925, maana yake ni asilimia 92.5 fedha halisi. Rangi ya kucha nyuma ya kifungio husaidia kwa jioni moja, kisha huchubuka. Na ule ukijani unaobaki kidoleni si ugonjwa, ni shaba iliyokutana na jasho. Unatoka kwa sabuni.

## Hatua ya 6: Pima weusi

Nyekundu na nyeusi ni ndoa ya zamani, na ndipo mtego ulipo. Nyeusi kando ya nyekundu huifanya nyekundu ionekane kuwaka zaidi. Ukitia nyeusi nyingi inayong'aa, ukaongeza midomo myekundu na kola iliyosimama, umeshavaa mavazi ya shetani wa jukwaani. Watu hawatasema. Watatabasamu tu.

Kipimo changu, cha kukadiria kwa macho: vazi likigawanywa mafungu 10, 7 yawe nyekundu, 2 nyeusi, 1 metali. Jaketi la ngozi likifunika kiwiliwili chote huwa limeivunja hesabu hiyo, kwa hiyo liache wazi, au liwe fupi liishie kiunoni. Na kumbuka jaketi tupu la ngozi ni nguo, lakini jaketi lenye miiba au zipu kumi limeshakuwa kituo. Ukilivaa, mkanda uondoke.

Kuna dawa mbili za ule uigizaji.

Ya kwanza ni mng'ao. Nyekundu ikiwa inang'aa, kama satini, nyeusi iwe butu: ngozi isiyo na mng'ao, suedi, pamba nzito. Nyekundu ikiwa butu, kama krepu au sufu, nyeusi inaweza kung'aa. Vyote viwili viking'aa hakuna kinachotangulia.

Ya pili ni rangi ya tatu, kwa kiasi kidogo, inayolirudisha vazi mtaani. Jinzi iliyopauka juu ya mabega. Fulana nyeupe chini ya suti. Damu ya mzee kwenye viatu. Jaketi la kijani cha jeshi, ambalo wengi huliogopa bila sababu. Kijani na nyekundu hupingana, na katika upinzani huo ndimo ukali ulimo, mradi kijani kiwe kimefifia. Kijani kibichi kitakupeleka kwenye mapambo ya sikukuu.

Kijivu pia kinafaa, ila ujue kuwa kando ya nyekundu kijivu huonekana kama kina ukijani kwa mbali. Chagua chenye joto kidogo.

## Hatua ya 7: Viatu

Viatu vya kisigino chembamba na gauni jekundu ni jibu sahihi la swali jingine. Kwa ukali tunataka uzito chini.

Kati ya pindo na ukingo wa buti, ama mguu uonekane kwa upana wa kiganja au zaidi, ama usionekane kabisa. Nafasi ya vidole viwili ndiyo inayoufupisha mguu, na ndilo kosa la viatu ninaloliona kuliko yote. Fundi cherehani akipandisha pindo sentimita 5, au ukibadilisha buti, tatizo limekwisha.

Soksi za wavu ziwe za matundu madogo. Matundu makubwa hugeuka kituo kipya bila ruhusa yako.

Buti mpya zitembelee nyumbani kwanza, siku kadhaa, na soksi nene. Mtu anayechechemea hana ukali wowote.

## Hatua ya 8: Uso, nywele, kucha

Midomo ifuate upande wa nguo: gauni la moto, midomo ya moto, gauni la baridi, midomo ya baridi. Au uachane na nyekundu kabisa upake damu ya mzee, ambayo kwa mavazi ya aina hii naiona bora. Wanja mzito ukiwa machoni, midomo ipumzike.

Gauni la kola ya juu hurusha wekundu kwenye kidevu na taya. Chunusi ndogo ya asubuhi itaonekana kubwa. Poda kidogo chini ya taya inatosha, lakini ipake ukiwa umeshavaa, maana kabla ya hapo hutaiona shida. Funika kola kwa kitambaa wakati unapaka.

Nywele zipangwe zikitumikia kituo. Kituo ni sikio? Zibanwe. Kituo ni kiuno? Ziwe vyovyote.

Kucha fupi nyeusi au za damu ya mzee. Kucha nyekundu juu ya nguo nyekundu hupotea, ukawa umejisumbua bure.

## Hatua ya 9: Ijaribu kwenye taa, kwenye mwendo na kwenye kamera

Taa. Nyekundu hubadilika kuliko rangi nyingi. Chini ya balbu ya njano huvutwa kwenye chungwa. Penye mwanga hafifu huzama haraka, ikakaribia weusi, wakati bluu bado inaonekana. Mwanasayansi wa Kicheki Jan Purkyně aliliandika jambo hilo mwaka 1825, na sababu yake ni kwamba chembe za jicho zinazofanya kazi gizani karibu hazioni nyekundu.

Kwa mvaaji maana yake ni hii: ukienda kwenye ukumbi wa mwanga mdogo na gauni jekundu lenye mkanda mweusi, utaonekana bonge moja jeusi, mkanda na gauni vimeungana. Kwa usiku, kituo chako kiwe cha fedha au chuma kinachorudisha mwanga. Nyeusi iwe ya mchana. Zima taa kubwa, washa ndogo, jitazame tena.

Mwendo. Tembea hatua 20. Keti, inama, inua mikono yote juu, kumbatia mto. Sikiliza. Cheni inayolia kila hatua itakuchosha kabla haijawachosha wengine. Mkanda ukipanda ukiketi, ushikize kwa pini moja kwa ndani kwenye mshono wa ubavuni, si katikati ya kitambaa.

Kamera. Kamera za simu huzidiwa na nyekundu. Mikunjo na nyuzi hupotea, gauni linabaki bapa jekundu kama karatasi iliyokatwa. Gusa kioo cha simu juu ya gauni, kisha shusha mwanga hadi mikunjo irudi. Uso ukiwa mweusi mno, geukia dirishani badala ya kupandisha mwanga.

Umefaulu ukitazama picha na kuona mikunjo ya nguo, kituo chako, na uso wako. Uso usipokuwemo katika vitu vitatu vya kwanza unavyoviona, ondoa kitu kimoja kilicho juu ya kiuno.

## Likienda mrama

*Naonekana nimezidisha, na muda umekwisha.* Vua kilicho karibu zaidi na uso, isipokuwa kama ndicho kituo. Hapo vua kinachokifuata.

*Naonekana wa kawaida tu, hakuna ukali.* Usiongeze kitu. Badilisha kile kikubwa kiwe kizito zaidi, mkanda wa sentimita 2 uwe wa sentimita 6. Ukali ni uzito.

*Vazi linanivaa mimi.* Nyekundu ni nyingi kwako kwa sasa. Vunja eneo lake kwa jaketi la jinzi lililoachwa wazi, au anza na sketi nyekundu na fulana ya kijivu, buti zile zile, mkanda ule ule.

*Cheni imenasa kwenye gauni nikiwa nje.* Usivute. Legeza kitambaa kuelekea kwenye cheni, kichomoke chenyewe. Uzi ukibaki umetokeza, ufiche kwa pini upande wa ndani hadi ufike nyumbani.

## Ukirudi

Vua metali kwanza, nguo baadaye. Kinyume chake ndicho kinachochana satini. Futa cheni kwa kitambaa kikavu, maana jasho na manukato huifanya fedha iwe nyeusi upesi, na uhifadhi kila moja kwenye mfuko wake.

Usitundike gauni likiwa na mkanda wake. Uzito utalivuta kiunoni usiku kucha, na asubuhi utakuta mstari usiotoka kwa pasi. Lipeperushe saa chache mbali na jua, kwa sababu jua huipausha nyekundu, na huanza na mabega. Kufua ni kwa maji baridi, ndani nje, peke yake au na nguo nyeusi. Buti zijaze karatasi zisikunjike shingo, na jaketi la ngozi litundikwe kwenye henga pana ya mabega.